Kijana wa Kompyuta na Baiskeli Asiitwe Mvivu

Maneno ya barazani ni mengi na aghalabu hayana madhara. Lakini yako maneno ambayo yakiachwa yakazoeleka huidhuru nchi, na mojawapo ni hili linalosemwa siku hizi juu ya vijana wanaokaa na kompyuta mchana kutwa, na ikifika Jumamosi wakapanda baiskeli wakaingia porini. Husemwa kwamba hao ni wavivu, kwamba wamesomeshwa bure, na kwamba mtu mzima hawezi kupoteza saa zake kwa mashine na kwa michezo ya watoto. Tumeyasikia maneno hayo katika mitaa ya Ng'ambo hapa Tabora. Tumeyasikia kwa wazee wanaostahili heshima yetu, na tumeyasikia kwa maofisa wanaokalia viti vya umma. Leo tunataka kuyajibu.

Kwa faida ya ndugu zetu wa visiwani, tueleze kwanza Ng'ambo hii ni ipi. Mtu wa Unguja akilisikia jina hilo, fikira zake huenda moja kwa moja upande wa pili wa hori lililokuwa likiutenga Mji Mkongwe na mitaa ya wananchi wa kawaida. Hori lile lilifukiwa, jina likabaki. Tabora nayo ina Ng'ambo yake, ambayo ni kata katika manispaa. Na undugu wa sehemu hizi mbili si wa jina tu. Misafara iliyovuka kutoka Unguja ikashukia Bagamoyo na Saadani ndiyo iliyofika Unyanyembe ikaendelea hata Ujiji. Ilirudi na pembe, na ilirudi na watumwa, dhuluma ambayo historia haiwezi kuisahau. Lakini ilikuja pia na lugha hii tunayoiandika. Basi yanayosemwa juu ya kijana wa Ng'ambo ya Tabora yanamhusu vile vile kijana wa Ng'ambo ya Unguja, na mwenzake wa Wete na wa Mkoani.

Kijana tunayemzungumzia ni wa namna gani? Tumchukue mmoja, ambaye jina lake hatulitaji kwa kuwa hakuomba kuandikwa gazetini. Anakaa kwa mjomba wake. Chumbani mwake mna meza, na juu ya meza mna kompyuta moja, simu tatu zilizofunguliwa matumbo, betri, nyaya na chuma cha kulehemu. Ukutani imeegemea baiskeli ya matairi mapana ambayo aliinunua kuukuu na kuitengeneza mwenyewe. Shughuli zake ni tatu: kutunga programu za kurasa za mtandao, kuchokonoa vyombo vidogo vya elektroniki, na kuendesha baiskeli katika njia mbovu. Mjomba wake huziita shughuli hizo kwa neno moja: mchezo. Sisi tunasema kwamba shughuli hizo tatu ni ilimu moja, na kwamba ilimu hiyo nchi yetu inaihitaji sana.

Kazi ya kuandika

Tuanze na kompyuta, maana ndiyo inayotiliwa shaka zaidi. Anayemwona kijana akikodolea macho kioo kwa saa sita hudhani anatazama sinema. Kumbe anaandika. Mwananchi anapofungua tovuti katika simu yake, programu iitwayo kivinjari hupeleka ombi kwa kompyuta nyingine, iitwayo seva, ambayo huenda ipo Dar es Salaam au ipo nchi za mbali. Seva hujibu kwa kurudisha maandishi. Maandishi hayo yana alama zinazoeleza kwamba hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hapa pana picha, hapa ndipo pa kujaza jina. Lugha ya alama hizo ni HTML. Lugha ya pili, CSS, hueleza rangi, ukubwa na mpangilio. Lugha ya tatu, JavaScript, iliyobuniwa mwaka 1995, huupa ukurasa uwezo wa kumwitikia anayeugusa. Nyuma ya hayo, katika seva, mna programu nyingine zinazotunza kumbukumbu, zinazojumlisha hesabu, na zinazomzuia asiyehusika asifungue daftari la mwenziwe.

Sisi tuliosoma chuoni kwa mbao na wino nidhamu hii hatuioni ngeni. Mwalimu hakumruhusu mtoto kuingia katika sura kabla hajazijua herufi na irabu zake, kwa sababu kosa la irabu moja hugeuza maana ya neno zima. Mtunga programu naye akisahau mabano mamoja, kazi ya wiki nzima hugoma. Hapo hana wa kumbembeleza wala wa kumhonga. Atarudi mstari kwa mstari mpaka alione kosa lake. Mtu aliyezoea kazi ya namna hiyo hafundishwi tena maana ya uaminifu katika hesabu.

Na jambo jingine kubwa: elimu hii ipo wazi. Mtandao wa kurasa ulibuniwa na Mwingereza, Tim Berners-Lee, aliyetoa pendekezo lake la kwanza mwaka 1989 akiwa katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN, karibu na Geneva. Tarehe 30 Aprili 1993 kituo hicho kilitangaza kwamba mtu yeyote duniani anaweza kuutumia uvumbuzi huo bila malipo na bila ruhusa. Mpaka leo, anayetaka kujua ukurasa umeandikwaje anaweza kukiamuru kivinjari kimwonyeshe maandishi yake. Ni mafundi wachache sana ulimwenguni wanaoiacha karakana yao wazi namna hiyo. Kijana wa Tabora au wa Chake Chake, akiwa na kompyuta ya kawaida na subira, anasoma yale yale anayoyasoma kijana wa London.

Vikorokoro vina ilimu

Tuje kwenye simu zilizofunguliwa matumbo. Mama mwenye nyumba hulalamika kwamba chumba kimejaa vikorokoro, na malalamiko yake tunayaelewa. Lakini ifahamike kwamba huyu Berners-Lee tuliyemtaja, alipokuwa mwanafunzi Oxford katika miaka ya 1970, alijitengenezea kompyuta kwa televisheni kuukuu na chuma cha kulehemu. Ndugu wawili wa Marekani, Orville na Wilbur Wright, walikuwa na duka la kuuza na kutengeneza baiskeli katika mji wa Dayton. Ndege waliyoirusha tarehe 17 Desemba 1903 ilizungushwa mapanga yake kwa minyororo na magurudumu ya meno, kwa namna ile ile ya baiskeli. Hapa kwetu, Bernard Kiwia wa Arusha alikuwa fundi baiskeli. Yeye alibuni chombo cha kuchajia simu kwa mzunguko wa gurudumu, ili mwananchi asiye na umeme aiwashe simu yake kwa nguvu ya miguu yake. Amebuni na mengine, na karakana ya Twende alikoshiriki imewafundisha wengi kubuni vitu vya kuwafaa.

Watu hao wote walianza kwa kufungua kitu ambacho wengine walikiogopa au walikitupa. Taifa ambalo vijana wake hawathubutu kufungua kitu kilichofungwa litanunua daima, na litatengenezewa daima, kwa bei itakayopangwa na wengine.

Katika jambo hili nchi yetu ina somo lake yenyewe. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, wakati ambapo nchi nyingi changa zilikuwa hazijaiona mashine hiyo. Lakini mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta na televisheni Tanzania Bara ulipigwa marufuku. Fedha za kigeni zilikuwa chache mno wakati ule, na waliotoa amri walikuwa na mzigo mzito mabegani. Hatuandiki haya ili kuwalaumu. Tunaandika ili tuone kilichofuata. Unguja ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzo wa miaka ya 1970, ikiitangulia sehemu kubwa ya Afrika. Bara tulingoja matangazo ya televisheni yetu wenyewe mpaka mwaka 1994. Marufuku ya kompyuta nayo ilikuja kulegezwa na kuondolewa, lakini miaka ya kujifunza haikurudi. Pesa iliyokosekana huweza kukopwa. Kizazi cha mafundi kilichokosekana hakikopeki.

Hata hivyo, milango ilipofunguka, watu wetu hawakulala. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu wa Sweden, kilitoa programu za ofisi zinazosema Kiswahili kitupu, zikaitwa Jambo OpenOffice. Ilibidi watafutwe maneno ya mamia ya vitu ambavyo lugha yetu haikuwahi kuviita kwa jina. Maneno kama tovuti, kivinjari na nywila leo yanatamkwa bila kigugumizi, na kishikwambi kimeingia hata vijijini. Hiyo pia ni kazi ya ujenzi.

Baiskeli na njia za nchi

Sasa tuiangalie baiskeli. Katika nchi ya Unyamwezi na Usukuma baiskeli si kitu cha kueleza. Ndiyo iliyobeba asali kutoka misitu ya miombo, ndiyo iliyopeleka magunia ya mahindi sokoni, ndiyo iliyomfikisha mjamzito zahanati. Phoenix ya China na Avon ya India zimekuwa kama watu wa nyumbani. Hata neno bodaboda, ambalo leo ni la pikipiki, lilianzia kwenye baiskeli zilizokuwa zikivusha watu mpakani mwa Kenya na Uganda, huko Busia. Kwa hiyo hatumlaumu mzee anayeshangaa: baiskeli ni chombo cha mzigo, iweje mtu aiendeshe bila mzigo, tena mahali pasipo barabara?

Jibu la mzee linapatikana katika asili ya mchezo wenyewe. Katika miaka ya 1970, vijana wa Marin, katika jimbo la California, walichukua baiskeli nzito za kizamani, zenye matairi manene na zisizo na gia, wakateremka nazo milimani. Tarehe 21 Oktoba 1976 walianza mashindano ya mteremko mmoja ulioitwa Repack. Jina hilo lilitokana na kwamba breki ya gurudumu la nyuma ilipata moto hata grisi yake ikaungua, na mtu akifika chini ilimbidi aifungue na kuijaza grisi upya. Mwaka uliofuata mmoja wao, Joe Breeze, akaunda fremu mpya kwa ajili ya njia hizo. Miaka 20 baada ya Repack, mwaka 1996, mchezo huo uliingizwa katika Olimpiki ya Atlanta. Basi baiskeli za milimani ambazo leo huuzwa kwa bei ya kutisha zilizaliwa na vyuma vikuukuu visivyozidi hivi vyetu kwa ubora, vikiwa mikononi mwa vijana walioambiwa, bila shaka, kwamba wanapoteza wakati.

Na siri ya baiskeli hiyo ni hesabu. Ikiwa gurudumu la meno la mbele lina meno 44 na la nyuma lina 22, mguu ukizunguka mara moja gurudumu kubwa huzunguka mara mbili. Mwendo huo unafaa barabara ya tambarare. Lakini baiskeli ya milimani huweza kuwa na meno 32 mbele na 50 nyuma. Hapo mguu ukizunguka mara moja gurudumu halimalizi hata mzunguko mmoja. Mwendo hupungua, nguvu huongezeka, na mtu hukipanda kilima ambacho mwenziwe anakipanda kwa kusukuma. Mwalimu wa hesabu ambaye hajawahi kuipindua baiskeli darasani na kuyahesabu meno yake pamoja na watoto amejinyima kifaa kizuri cha kufundishia uwiano.

Mwezi Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Kigali si mbali na sisi. Vijana wetu wameona kwamba vilima vya nchi kama hizi zetu vinaweza kuitisha dunia nzima. Wanapotoka alfajiri kwenda Kwihara na kurudi na vumbi hadi nyusini, tusiwacheke.

Ramani ni mamlaka

Mpaka hapa tumezieleza shughuli tatu mbali mbali. Sasa tuzikutanishe, na hapa ndipo tunapowaomba viongozi wasome kwa makini.

Njia kuu ya kati ya misafara, kutoka pwani hadi Ujiji, ilikuwa na urefu wa kilomita 1,200 hivi. Iliendeshwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja akiwa na mzigo wa frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30. Mbele alitangulia kirangozi, aliyejua kila kisima, kila kivuko na kila mtawala wa njiani. Wazungu Richard Burton na John Hanning Speke walifika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya siku 134 za safari. Walikuja na vikorokoro vyao. Speke alipima kimo cha nchi kwa kutia kipima-joto katika maji yanayochemka, kwa kuwa kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Waliongozana na watu kama Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni akapelekwa India, akarudi akiwa mjuzi wa njia na wa lugha. Na Livingstone alipofariki mwaka 1873, Chuma na Susi na wenzao ndio waliobeba mwili wake pamoja na madaftari yake, wakapitia Unyanyembe, wakafika pwani.

Lakini ramani zilichapwa London. Majina ya vijiji yaliandikwa jinsi masikio ya wageni yalivyoyasikia. Ilimu ya njia ilikuwa yetu. Kalamu ilikuwa ya wengine. Miaka michache baadaye, mataifa ya Ulaya yalipoketi kugawana Afrika, yaligawana juu ya karatasi hizo. Ndiyo maana tunasema kwamba ramani ni mamlaka.

Leo kalamu hiyo inaweza kuwa mkononi mwa kijana wa Ng'ambo. Mwaka 2004 Steve Coast, aliyekuwa mwanafunzi London, alianzisha ramani ya dunia inayochorwa na watu wote na kutumiwa na watu wote, iitwayo OpenStreetMap. Katika miaka yake ya mwanzo wachangiaji wengi walizunguka kwa miguu na kwa baiskeli, wakiwa na vipokezi vya setilaiti. Kipokezi cha namna hiyo leo kimo ndani ya simu. Husikiliza ishara za setilaiti zilizo zaidi ya kilomita 20,000 juu yetu, na kikizipata nne au zaidi kinajua mahali kilipo kwa tofauti ya mita chache. Kijana akiifunga simu kwenye usukani, njia yote aliyopita hubaki imeandikwa, nukta kwa nukta. Akifika nyumbani anaipakia, anaitia majina, na anaonyesha: hiki ni kisima, hii ni shule, hili ni daraja.

Ramani hiyo huonyeshwa katika ukurasa wa mtandao kwa hesabu nyepesi. Dunia nzima huwekwa katika kipande kimoja cha mraba. Ukisogea karibu hatua moja, kipande kile hugawanyika vinne. Hatua ya pili, vinakuwa 16. Na kuendelea, mpaka mlango wa duka uonekane. Kivinjari huomba vipande vinavyohitajika tu, na kwa hiyo hata simu dhaifu huweza kuifungua nchi nzima. Anayeandika ukurasa huo ni mtunga programu. Anayekusanya nukta zake ni mpanda baiskeli. Anayekitengeneza chombo kikiharibika porini ni fundi wa vikorokoro. Katika chumba kile tulichokieleza, watu hao watatu ni mtu mmoja.

Huenda ofisa mmoja akauliza: picha za setilaiti si zipo? Zipo, na zinasaidia. Lakini picha ya kutoka angani haijui jina la kitongoji. Haijui kama kisima kina maji mwezi wa Septemba, wala kama zahanati ina muuguzi, wala kama daraja lililoonekana zima mwaka juzi lilibebwa na masika. Tena miti ya miombo ikishavaa majani, njia nyingi za miguu hufichwa chini yake. Mambo hayo hujulikana kwa mtu kufika. Na mahali ambapo gari linakwama katika udongo mweusi wa mbuga, baiskeli hupita, na ikishindwa hubebwa begani.

Faida yake si nadharia. Baada ya tetemeko la ardhi la Haiti la Januari 2010, wachangiaji waliokuwa nchi mbali mbali waliuchora mji wa Port-au-Prince kwa siku chache, na waokoaji wakaitumia ramani hiyo. Dar es Salaam, kuanzia mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi walichora mitaro na nyumba za kata zinazokumbwa na mafuriko, katika kazi iliyoitwa Ramani Huria. Visiwani, kuanzia mwaka 2016, Kamisheni ya Ardhi ikishirikiana na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar ilipiga picha za Unguja na Pemba kwa ndege ndogo zisizo na rubani. Ndugu zetu wa visiwani wamekwisha kutuonyesha njia.

Na lililo kubwa kuliko yote ni uhai. Mwaka 2022 ulizinduliwa kitaifa mfumo wa m-mama, ambao kwa kupiga namba 115 mjamzito au mtoto mchanga aliye hatarini hutafutiwa usafiri kwa msaada wa programu ya kompyuta. Ni jambo la kheri tupu. Lakini dereva anapoambiwa aende katika kitongoji ambacho hakimo katika ramani yoyote, usiku, wakati wa mvua, dakika zinazopotea katika kuuliza njia ni dakika za mtu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 3.3 katika mkoa wa Tabora, na wengi wao wako mbali na lami. Kijana anayezunguka kwa baiskeli yake na kukiandika kitongoji hicho kwa jina lake sahihi amefanya kazi ya umma, hata kama hakuna aliyemlipa.

Wajibu wa kila mmoja

Hatusemi kwamba kila kijana aliye mbele ya kioo anafanya kazi. Wapo wanaokesha katika kamari za mtandaoni, na wapo matapeli wanaotuma ujumbe wa uongo ili wawaibie wazee akiba zao. Hao tunawalaani. Lakini kalamu ikitumika kughushi hati, hatuchomi kalamu zote. Kipimo ni kimoja na chepesi: muulize kijana ametengeneza nini, naye akuonyeshe. Aliyetengeneza ataonyesha, tena kwa furaha. Asiyetengeneza atatafuta maneno.

Kwa viongozi wa halmashauri tunasema hivi. Orodha za vijiji, shule, zahanati, visima na barabara mnazo katika majalada na kompyuta zenu. Zitoeni kwa namna ambayo mtunga programu anaweza kuzitumia, ukiacha zile zenye siri za watu. Zipo kazi ndogo ndogo za tovuti na za mahesabu ambazo hupelekwa miji ya mbali kwa gharama kubwa. Wapeni nafasi na vijana wa hapa, muwapime kwa kazi, na wakishindwa muwaambie wazi. Vyumba vya kompyuta vya shule visifungwe kufuli saa nane mchana mwalimu anapoondoka. Baada ya Sensa ya 2022 vishikwambi vilivyotumika viligawiwa walimu, nalo lilikuwa jambo jema. Basi vifundishe, visiwe vya kutunzia picha za harusi. Na wahandisi wanapopima barabara mpya wakumbuke kwamba wengi watakaoitumia wana magurudumu mawili bila injini. Ukingo wa mita moja na nusu kando ya lami ni uhai wa watu.

Kwa viongozi wa visiwani tunaongeza neno moja. Mwaka 2022 Zanzibar ilitangaza mpango wa kuyavutia makampuni ya teknolojia yaje Fumba, ukaitwa Silicon Zanzibar. Wageni wakaribishwe. Lakini faida itabaki visiwani iwapo tu kijana wa Ng'ambo na wa Micheweni ataingia katika ofisi hizo akiwa fundi, na si mlinzi wa getini peke yake. Fundi huyo hatengenezwi siku ya kutangaza nafasi za kazi. Anatengenezwa sasa, chumbani kwa mjomba wake, katikati ya vikorokoro.

Kwa wazazi tunasema: binti naye aachiwe nafasi. Mikono yake haina upungufu wowote katika kulehemu waya au kuandika programu, na akipata baiskeli shule ya mbali inakuwa karibu. Heshima yake italindwa na malezi yake na na jamii inayomzunguka. Haitalindwa kwa kumnyima ufundi.

Na kwa vijana wenyewe tunasema bila kuwabembeleza: jina la mvivu hamtaliondoa kwa maneno. Valeni kofia ngumu mnapokwenda njia mbovu. Malizeni kazi mliyoianza, maana programu iliyokomea nusu haimfai mtu. Andikeni kwa Kiswahili mkiwaandikia Waswahili. Anayejua amfundishe mmoja asiyejua. Njia ya misafara ambayo mwaka 2006 nchi yetu iliiweka katika orodha yake ya awali ya urithi wa dunia huko UNESCO inapita mlangoni penu: Kwihara ipo, miembe ya kale ipo, na wazee wanaokumbuka majina ya makambi bado wapo, japo si kwa muda mrefu. Ichoreni yote, kutoka Bagamoyo hata Ujiji, kituo kwa kituo, kwa majina ambayo wenyeji wanayatamka. Safari hii kalamu iwe yetu.